Injini Ndogo Inatema Oili: Angalia Kipumulio Kabla ya Kununua Sili Nyingine

Kwenye gereji za Mtwara, Masasi na Nachingwea malalamiko haya huja kwa maneno yaleyale: "Fundi, sili nimebadilisha juzi juzi tu, imevuja tena." Pampu ya maji yenyewe haina shida, inawaka kwa kuvuta kamba mara moja, lakini pale ilipowekwa pana dimbwi la oili. Mwenyewe ameshanunua sili mbili (zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke penye shafti), gasketi na tyubu ya silikoni. Ule mpira mfupi unaotoka kwenye kava la tapeti, mfuniko unaofunika vali, kuelekea kwenye chujio la hewa hakuna aliyeugusa.

Mpira ule ni njia ya injini kupumua. Pistoni inaposhuka husukuma hewa iliyo chini yake, ndani ya chumba cha krenki, yaani tumbo la injini lenye shafti kuu na oili. Tena hakuna ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni, inayoziba moja kwa moja. Gesi kidogo ya mlipuko hupenya pembeni ya pistoni na kuingia humo humo. Yote hiyo lazima itoke, na mlango wake ni kipumulio, bridha kwa lugha ya gereji: kijumba kidogo chenye kibati chembamba cha chuma kinachofunguka hewa inapotoka na kujifunga pistoni inapopanda, ili iliyotoka isirudi. Kibati kikifanya kazi, ndani ya chumba cha krenki hubaki mvuto mdogo, na mvuto huo ndio unaosaidia oili ikae ndani. Kipumulio kikiziba, mvuto unageuka kuwa msukumo. Oili itatokea popote palipo dhaifu: kwenye sili ya krenki, kwenye mfuniko wa kijiti cha kupimia oili, kwenye gasketi ya kava, au itapanda kupita ringi na kuungua.

Ndiyo maana nasema sili inayovuja ni mahali oili ilipotokea tu. Aliyeisukuma yuko kwingine. Ukiweka sili mpya bila kufungua kipumulio, umempa mvujo anwani mpya.

Maelezo haya ni ya injini za petroli za mipigo minne, zile ambazo oili ina mahali pake na haichanganywi na petroli: pampu za maji, jenereta ndogo, mashine za kukoboa za petroli. Bodaboda na dizeli za kusaga nimeziweka mwishoni. Mablowa ya kubeba mgongoni ya kupulizia salfa kwenye mikorosho mengi ni ya kuchanganya oili na petroli, na hayo hayana kipumulio kabisa. Hewa yenyewe ya kuunguza hupitia kwenye chumba cha krenki. Blowa la namna hiyo likiwa na sili mbovu huvuta hewa ya nje, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo mno, injini inachemka na mwisho pistoni inanata. Usilitafutie bridha, utapoteza asubuhi nzima.

KABLA YA KUFUNGUA CHOCHOTE

Zima injini, iache ipoe, chomoa kofia ya waya kwenye plagi. Iweke mahali palipo sawa kabisa. Kisha pima oili, na hapa ndipo wengi wanapokosea.

Kwenye Honda GX160 na injini nyingi zilizotengenezwa kwa kuifuata, kijiti cha oili hupimwa kikiwa hakijakazwa: unakifuta, unakiingiza hadi kikae kwenye mdomo wa tundu, hukizungushi, unakitoa na kusoma. Ukikikaza kwanza kinazama zaidi, kinaonyesha oili nyingi kuliko iliyopo. Na injini hiyo inachukua oili karibu lita 0.6 tu. Mtu akinunua chupa ya lita moja na kuimimina yote "ili isipungue shambani", ameshazalisha dalili karibu zote zilizo hapa chini, na kipumulio chake kizima.

Nusa pia hiyo oili. Ikinuka petroli na ikiwa nyepesi inayodondoka haraka kutoka kwenye kijiti, petroli imeshuka humo. Usiiwashe. Sababu yake iko kwenye sehemu ya moshi wa bluu.

Onyo moja ambalo halina mjadala: usimulike tundu la oili kwa kiberiti, mshumaa au sigara ikiwa mdomoni. Mvuke ulio mle ndani unawaka. Tumia tochi.

DALILI YA KWANZA: OILI INAVUJA KWENYE SILI, KIJITI AU KAVA

Dalili hii ndiyo inayoleta watu wengi zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni hiyo niliyokwisha kuitaja, oili kupita kiasi. Punguza hadi kiwango chake, futa injini ikauke, iwashe kwa dakika kumi na tano ikiwa inafanya kazi yake ya kawaida, kisha angalia. Ikikoma, kazi imekwisha na hujafungua hata bolti moja.

Ikiendelea, fuata mpira wa kipumulio kwa macho na kwa vidole, kuanzia kwenye kava hadi kwenye kiwiko cha hewa kilicho nyuma ya chujio. Unatafuta mpira uliobanwa chini ya tangi, uliopinda ukajikunja, au uliolainika kwa joto ukashikana kuta zake. Mipira iliyobadilishwa ndiyo yenye kesi nyingi: mpira wa asili ukipasuka, mtu huweka kipande cha mpira wa petroli uliopo dukani, mwembamba kuliko unaotakiwa, na ukipata moto unajikunja penye kona. Kuna pia walioziba mpira kwa makusudi. Injini ilikuwa inatoa moshi kidogo pale, mtu akapachika kijiti cha mti au bolti ili "isichafue". Toa hicho kitu.

Uchomoe mpira wenyewe, uangalie upande mmoja kwa tochi ya simu huku unachungulia upande wa pili. Pampu zilizolala tangu mvua zilipoanza, kwa huku kwetu Novemba au Desemba hadi Aprili, hukutwa na udongo mkavu ndani. Nyigu wa kufinyanga udongo hupenda matundu ya ukubwa huo. Kama mpira umechomoka au mdomo wake umeachwa wazi pampu ikiwa stoo, watajenga humo. Usiusukume udongo huo kwa waya kuelekea kwenye injini. Chomoa mpira pande zote mbili, uubinyebinye, uupige, kisha uoshe kwa maji ya sabuni na uuanike ukauke kabisa.

Mpira ukiwa safi, sasa kipumulio chenyewe. Kipimo changu ninachokiamini ni hiki. Chomoa mpira upande wa kiwiko cha hewa tu, ziba tundu la kiwiko kwa selotepu ili vumbi lisiingie kwenye kabureta, washa injini iende polepole, halafu weka kidole au kipande cha karatasi nyembamba karibu na mdomo wa mpira. Angalia usikaribie eksozi wala feni.

Ukisikia mapigo madogo madogo ya hewa inayotoka, kipumulio kinafanya kazi. Karatasi inatikisika kwenda nje, haivutwi kurudi.

Usiposikia kitu kabisa, kimeziba.

Hewa ikitoka na kurudi kwa nguvu ileile, kibati hakijifungi: kimevunjika, kimepinda, au kuna uchafu umekishikilia kikiwa wazi.

Ikitoka mfululizo kwa nguvu, ina moto na moshi wa bluu, tatizo si kipumulio. Hapo gesi inayopita kwenye ringi ni nyingi kuliko njia iliyopo. Ruka hadi dalili ya tatu.

Kufungua kipumulio. Kwenye injini nyingi za aina ya GX kipumulio kiko ndani ya kava la tapeti. Bolti zake kwa kawaida ni za spana namba 10. Kwenye injini za zamani zenye vali pembeni ya silinda kipo ubavuni, nyuma ya kabureta, chini ya kibati chenye bolti moja au mbili. Fungua, na kabla hujafuta kitu piga picha kwa simu ili ujue kila kimoja kilikaaje na gasketi ilielekea wapi.

Utakachokikuta mara nyingi ni gundi nyeusi: oili ya zamani iliyochanganyika na vumbi. Vumbi jekundu la uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, ni laini kiasi cha kupita kwenye sponji la chujio ambalo halikulowekwa oili, na likikutana na mvuke wa oili linakuwa kama lami. Msimu wa kupulizia, kuanzia Juni, unga wa salfa nao huongezeka humo kwa wale wanaoegesha pampu ya maji karibu na watu wanaopuliza. Kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi na Kilwa hukuti gundi sana, unakuta kutu: kibati kimeota madoa, kimekakamaa, hakikai tambarare.

Osha kwa mafuta ya taa na mswaki laini. Petroli inasafisha haraka, lakini mvuke wake hutembea mbali na kuwaka, na sijaona sababu ya kuitumia mafuta ya taa yakiwepo. Usikwangue kibati kwa bisibisi. Usikipige hewa ya kompresa kwa karibu. Kinapinda na hakirudi. Tafuta pia kitundu kidogo chini ya kijumba, kile kinachorudisha oili kwenye injini. Ni chembamba, wengi hawakioni, na kikiziba oili hujaa juu yake na kusukumwa nje kupitia mpira. Kizibue kwa kijiti cha kiberiti kilichochongwa, siyo kwa msumari.

Baada ya kukausha, puliza kwa mdomo kupitia mpira safi. Kutoka upande wa injini pumzi ipite kirahisi. Kutoka upande wa nje igome, au ipite kidogo sana. Ikipita sawa pande zote, badilisha kipumulio, au kava zima kama kwenye injini yako vinauzwa pamoja. Kibati kilichopinda usijaribu kukinyoosha.

Kurudisha ni pale silikoni inapoharibu kazi. Kava lenye gasketi nzima halihitaji silikoni. Likihitaji, basi utepe mwembamba, na mbali na matundu ya kipumulio. Kinachobinywa nje unakiona na kukifuta; kinachobinywa ndani hukioni, kinaganda mbele ya tundu au kinakatika na kuelea kwenye oili. Nimefungua makava yaliyozibwa kipumulio kwa silikoni nyekundu iliyowekwa na mtu aliyekuwa anazuia uvujaji. Alizuia uvujaji wa kava na kuanzisha wa sili.

Sasa sili. Kama ilisukumwa ikatoka kidogo lakini mdomo wake haujachanika wala kukakamaa, baada ya kufungua kipumulio inaweza kurudishwa taratibu kwa bomba la kipenyo chake, ikikaa sawa kuzunguka shafti. Ikiwa imechanika, weka mpya, mdomo wenye springi uelekee ndani kwenye oili. Mchirizi kwenye shafti unaokwama kwenye ukucha ni kazi ya fundi. Sili mpya juu ya mchirizi huo haidumu.

Simama hapa kama ni jenereta na oili inatokea upande wa dinamo. Kuifikia sili hiyo lazima rota, sehemu ya dinamo inayozunguka, itolewe, na rota hutolewa kwa bolti maalum ya kusukumia. Watu huipiga nyundo, shafti inapinda, na nyaya za dinamo zilizolowa oili zinaweza kupiga shoti. Mpelekee mwenye vifaa.

DALILI YA PILI: MOSHI WA BLUU NA PLAGI INAYOLOWA OILI

Moshi mweusi ni petroli nyingi, hauhusiani na mada hii. Wa bluu ni oili inayoungua.

Uliza kwanza injini ilisafirije. Pampu ikifungwa nyuma ya bodaboda imelala ubavu kutoka mjini hadi shamba la mpunga Kitere, oili hutiririka kupitia kipumulio hadi kwenye chujio, au inapita kwenye silinda. Ikiwashwa itatoa moshi dakika kadhaa kisha itaacha. Hiyo si hitilafu. Kama kamba inagoma kabisa kuvutika, usilazimishe: toa plagi, vuta kamba polepole oili itoke kwenye tundu, ndipo urudishe. Oili haibanwi, na kuivuta kwa nguvu kunaweza kupinda fimbo ya pistoni.

Pili, oili iliyozidi. Mara nyingi iliyozidisha ni petroli. Koki ya tangi ikiachwa wazi njiani, mtikisiko wa barabara hufanya sindano na floti (boya) ya kabureta visizibe, petroli inajaa, inaingia kwenye silinda na kuchuruzika hadi kwenye oili. Kijiti kinaonyesha oili imepanda wakati hakuna aliyeongeza. Mwaga oili yote, weka mpya, safisha sindano ya kabureta na kikalio chake, na funga koki kila unapozima. Kuwasha injini yenye petroli kwenye oili ni hatari mbili kwa pamoja: beringi na krenki zinasagana bila kinga, na kinachotoka kwenye kipumulio ni mvuke wa petroli unaoelekezwa moja kwa moja kwenye kabureta.

Tatu, kipumulio kilichoziba. Msukumo wa ndani unapandisha oili kupita ringi ambazo pengine bado zina maisha. Kifungue kama nilivyoeleza, safisha plagi, fanyia kazi saa moja. Moshi hauishi papo hapo kwa sababu oili iliyokwisha kuingia kwenye sailensa lazima iungue kwanza. Mwenye haraka huona moshi dakika ya tano akaamua ringi zimekufa.

Mwisho ndipo ringi au njia za vali. Moshi unaotoka asubuhi tu unapowasha kisha ukaisha huelekeza kwenye vali. Unaozidi kadiri mzigo unavyozidi huelekeza kwenye ringi na silinda.

DALILI YA TATU: "INJINI INAPUMUA"

Mfuniko wa oili ukifunguliwa kunatoka moshi, mpira wa kipumulio unafuka, kijiti kisichokazwa kinaruka. Mitaani hukumu yake ni moja: ringi. Mara nyingine ni kweli, lakini injini nzima kabisa nayo hupiga hewa kidogo kwenye tundu la oili, hasa yenye silinda moja, kwa sababu pistoni moja haina mwenzake wa kuinyonya hewa anayoisukuma. Kufungua mfuniko wakati inaunguruma, kwa hiyo, si kipimo. Ni kurusha oili ya moto usoni tu.

Tumia kile kipimo cha karatasi. Ikiwa kipumulio ni safi na bado msukumo ni mkubwa, angalia gasketi ya kichwa cha silinda kabla ya kuhukumu ringi. Kwenye injini zenye vali juu, njia ya pushirodi, vile vijiti vinavyosukuma vali, iko jirani na silinda, na gasketi ikiungua ukuta huo wa katikati, mlipuko hupenyea kwenye njia ya pushirodi na kujaza kava na chumba cha krenki kwa pamoja. Hapo msukumo huwa mkali, wa ghafla, na injini inapoteza nguvu siku hiyo hiyo. Ringi huchakaa taratibu. Mwenye mashine akikumbuka vizuri atakwambia oili ilianza kupungua miezi mingi nyuma.

Kupima mgandamizo kwa kuvuta kamba kwa mkono usikuamini sana. GX160 na za jamii yake zina kifaa kwenye kamshafti (shafti inayoendesha vali) kinachofungua vali kidogo wakati wa kuwasha ili kamba iwe nyepesi. Kamba nyepesi haimaanishi ringi zimekwisha. Kipimo sahihi ni kupuliza hewa kwenye silinda pistoni ikiwa juu vali zote zimefungwa, na kusikiliza inatokea wapi: kwenye tundu la oili, kabureta au eksozi. Kinahitaji kompresa na adapta, na shafti ishikiliwe isizunguke. Mwachie fundi anayevifahamu. Kufungua kichwa cha silinda pia ni kazi yake, isipokuwa una spana ya kupimia nguvu ya kukaza na gasketi mpya mkononi.

DALILI YA NNE: CHUJIO LA HEWA LIMELOWA OILI

Watu huichanganya na kuziba, nayo ni kinyume chake. Kipumulio kilichoziba hakipitishi oili kwenye chujio. Oili ikifika huko, njia iko wazi mno.

Anza na kiwango cha oili, kisha ulalo wa injini, hata ikiwa inafanya kazi imewekwa kwenye mteremko wa kingo za mto. Halafu kile kitundu cha kurudisha oili, halafu kibati kisichojifunga. Ringi zilizochakaa huja mwisho kabisa. Sponji lililolowa oili ya kipumulio lioshwe kwa maji ya sabuni, likauke, liwekwe oili kidogo ya injini na kukamuliwa. Chujio la karatasi lililolowa oili halioshwi, linatupwa. Na usiendeshe bila chujio eti kwa muda. Vumbi la shamba moja linatosha kuzianzisha hizo ringi safari ya kuchakaa.

DALILI YA TANO: UTANDO CHINI YA KAVA AU KWENYE KIJITI

Rangi ya chai ya maziwa, unateleza. Ni maji yaliyochanganyika na oili. Pwani, kuanzia Msimbati na Mikindani hadi Kilwa Masoko, hewa ni nzito kwa unyevu, na jenereta inayowashwa dakika kumi jioni kwa ajili ya kuchaji simu haipati joto la kukausha mvuke wake. Utando mwembamba chini ya mfuniko pekee usikusumbue: iache ifanye kazi yenye mzigo nusu saa. Utando ukijaa kwenye kipumulio, osha, badilisha oili.

Oili yote ikiwa maziwa, injini ilizama au ilinyeshewa ikiwa wazi. Usiiwashe kujaribu. Mwaga, weka oili mpya, iwashe dakika chache, mwaga tena. Ikiwa ni maji ya bahari, usisubiri kesho yake.

BODABODA

Pikipiki nyingi za 125 na 150 zina mpira wa kipumulio unaokwenda kwenye boksi la chujio, na chini ya boksi hilo kuna kimpira kifupi chenye kizibo kinachokusanya oili na maji. Dereva akivuka maji ya mvua barabarani mara kwa mara bila kukifungua, kinajaa, boksi linapata matope, na injini inaanza kukatakata inapopandisha gia. Kifungue, kimiminike, kirudishe. Ni kazi ya dakika mbili unaposubiri abiria. Oili ikitokea kwenye sproketi ya mbele, fungua njia hii kwanza kabla ya kuagiza sili.

DIZELI ZA KUSAGA

Injini za silinda moja kama S195 zinazosukuma vinu vya vijijini zina kipumulio pia, na huziba kwa pumba na vumbi la unga lililoshikana na oili. Dalili ni zilezile: oili kwenye kava, oili kwenye sili ya gurudumu zito la injini, kijiti kinachorushwa. Kusafisha ni kulekule, injini ikiwa baridi na mkanda umevuliwa ili mtu asije akauzungusha.

Tofauti iko kwenye hatari. Dizeli haina plagi ya kuizima. Oili iliyozidi au mvuke wake ukivutwa kwa wingi kwenye njia ya hewa, hasa pale mpira wa kipumulio umeingizwa humo, au oili ikipanda kupita ringi zilizochoka, injini inaweza kuanza kuunguza oili yake yenyewe. Mwendo unapanda bila mtu kugusa kitu, moshi unajaa, na kufunga dizeli hakusaidii. Toa watu wote kwenye banda kwanza, wasisimame usawa wa gurudumu. Kama unaweza kuifikia njia ya hewa bila kusimama hapo, izibe kwa ubao au bati tambarare, kamwe si kwa kiganja wala kwa kitambaa kinachoweza kunyonywa, au vuta mkono wa kupunguza mgandamizo kama unao. Kama huwezi, kimbia. Gurudumu linaweza kupasuka, na vipande vyake hupenya ukuta wa udongo.

Injini iliyowahi kukimbia hivyo hata mara moja haiwashwi tena "kuona kama itarudia". Mwaga oili uipime ilikuwa kiasi gani, mwambie fundi kiasi hicho pamoja na harufu yake, na mweleze mpira wa kipumulio ulikuwa umeelekezwa wapi siku ile.